Maiki za juu za dramu: nizibananishe au niziachanishe? Naomba ushauri

Kijana_Machomane: Assalaam alaykum wanajamvi. Nipo Chake Chake, nnapanga kichumba nnarikodia humo. Jumamosi narikodi dramu kwa mara ya kwanza, si za kompyuta, za kupigwa na mtu. Nna maiki mbili za kondensa, pacha. Sijui nizibananishe juu ya dramu kwa mtindo wa XY, vichwa pamoja kwa nyuzi 90, au niziachanishe, moja kushoto moja kulia, sauti ipate upana. Usiku silali. Nisaidieni.

Ngalawa_Mbovu: Siti ya mbele, na kahawa yangu na kashata.

Bi_Karafuu: Jumamosi saa ngapi? Mie nnakaa karibu na hao wanaojiita mastudio, Magharibi inaadhiniwa nao wanatwanga tu. Mwanangu, kawaulize kwanza majirani, maiki baadaye.

Fundi_Malindi: Yote mawili yanafaa. XY imetulia ila haina upana mkubwa. Ukiziachanisha sauti inafunguka, lakini zote lazima ziwe mbali sawasawa na snea, ile ngoma ya kati yenye nyaya chini. Chukua mshipi wa kuvulia, ncha iweke katikati ya snea, pima mpaka maiki ya kwanza, kisha peleka urefu uleule kwenye ya pili. Au shika njia ya kati, ORTF, ule mtindo wa redio ya Ufaransa: sentimita 17 baina ya vichwa, nyuzi 110. Dari lina urefu gani? Na kazi itasikilizwa kwenye nini?

Kijana_Machomane: Shukran kaka. Dari mita 2 na robo hivi. ORTF nimeisoma, ila moyo unanipeleka kwenye kuziachanisha.

Mzee_wa_Sanduku: Vijana mna mambo. Sisi kidumbak chetu, ile taarab ya mtaani, tulikirikodi kwa redio kaseti moja, tumeipandisha juu ya mbuzi ya kukunia nazi. Fidla mbele, vidumbak viwili nyuma yake, sanduku la besi pembeni, na mwenye cherewa, yale manyanga, tukamsukuma mpaka mlangoni maana alikuwa anammeza kila mtu. Siti binti Saad karikodi Bombay 1928, hiyo sterio ilikuwa wapi? Basi yule mpiga fidla akaja akamuoa binti wa mwenye kaseti, lakini hayo siku nyengine.

Ngalawa_Mbovu: Mzee maliza, tushakaa.

Fundi_Malindi: Kijana hujanijibu. Itasikilizwa kwenye nini?

Kijana_Machomane: Kwenye spika tu.

Fundi_Malindi: Spika gani?

Kijana_Machomane: Ya tarumbeta. Moja. Ni tangazo la duka la vitambaa, spika inafungwa juu ya gari, wanazunguka nayo Chake mpaka Wete kuelekea Idi. Lakini kazi ni kazi, upana nnautaka. Na ndoano za kutundikia maiki nshazipiga darini, zimeachana mita moja na nusu.

Fundi_Malindi: Lahaula! Spika moja ni mono, kushoto na kulia vinamwagwa chungu kimoja. Kitu kikiwa mbali na maiki moja kuliko nyengine kwa sentimita 17 tu, ukizichanganya, sauti za kati, karibu hetsi 1000, zinauana. Na tarumbeta haina besi, inaishi kwa hizohizo za kati. Snea utaipima kwa mshipi, sawa, tomu, zile ngoma nyengine, na matoazi je? XY vichwa viko pamoja, sauti inafika kote kwa wakati mmoja. Na dari fupi hilo litakurudishia mwangwi, tundika godoro la sufi juu ya maiki.

Kijana_Machomane: Nimekufahamu. Ila ndoano zishakaa vizuri mno.

Mpekuzi_77: Simameni hapo. Bandiko la kwanza chumba ni cha kupanga. Sasa katoboa dari, mwenye nyumba kanyamaza? Na duka gani linalipia dramu za mtu kwa tangazo la gari? Hii chai, tena ya tangawizi. Subirini, mwisho atatuwekea namba, anauza hizo maiki pacha.

Bi_Karafuu: Na mie nilishangaa. Magari ya matangazo siku zote ni mtu anapiga makelele tu.

Kijana_Machomane: Wallahi si chai. Duka halikuomba dramu, dramu nimezitaka mwenyewe. Nimeziazima siku mbili, na mpigaji ni rafiki yangu, hajapata kujisikia kwenye rekodi hata siku moja. Mwenye nyumba ni mjomba wangu, bado hajaliona dari.

Mpekuzi_77: Weka picha ya dari.

Kijana_Machomane: Siweki. Mjomba naye huingia humu jamvini.

Mzee_wa_Sanduku: Kijana, mlango wa hicho chumba una rangi ya buluu?

Ngalawa_Mbovu: 😂😂😂

Mzee_wa_Sanduku: Nakuuliza wewe.

Fundi_Malindi: Kijana, funga XY, ndoano moja inatosha. Ya pili ing'oe usiku huuhuu, tundu ulizibe.