Ushauri wakuu: nihamie timu inayosimamia hisa za Japani au nibaki zangu kwenye ripoti?

Ngalawa_07:
Wakuu habari za muda huu. Mimi ni kijana wa Tanga, nilikuja Japani kwa ile skolashipu ya masta ya JICA, shirika la misaada la Japani, nikamaliza, nikabahatika kubaki Tokyo. Huu mwaka wa tatu niko kampuni moja ndogo ya ushauri wa uwekezaji, jina tuliache. Kazi yetu ni moja tu, tunashika hela za taasisi, mifuko ya pensheni ya Ulaya na Marekani, wakfu wa vyuo, bima kidogo, tunaziweka kwenye hisa za huku. Mtu binafsi na vijisenti vyake hatumpokei.

Mimi nipo upande wa ripoti. Kila mwisho wa mwezi namwandikia mteja kama tumeipita TOPIX, yaani kipimo cha soko zima la hisa la Tokyo, au imetupita, kampuni gani imetubeba na ipi imetuangusha. Sasa juzi bosi kaniita, anasema kuna nafasi timu ya potifolio, wale wanaochagua hisa za kununua na kuuza, nianze kama mchambuzi msaidizi wa kampuni ndogo za viwandani. Mshahara unapanda kidogo. Shida ni kwamba Kijapani changu ni cha kuagizia chakula na kubishana na mwenye nyumba, halafu wale jamaa nimeshawaona siku mambo yakiharibika.

Tarehe 5 Agosti 2024 nilikuwepo ofisini. Mgeni angeingia siku ile angedhani ni neema maana skrini zote kijani tupu, kumbe huku kijani ndio kushuka na nyekundu ndio kupanda. Nikkei, kipimo kingine cha hisa za huku, ilidondoka pointi 4,451 siku moja, asilimia 12 na ushee. Meneja wetu mtu mzima kabisa alikaa na bento lake, chakula cha kwenye boksi, mezani hakulifungua mpaka soko linafungwa, na Ulaya ilipoamka simu zikaanza. Kesho yake ikapanda zaidi ya pointi 3,200. Nikabaki najiuliza hii kazi ni ya akili au ya moyo?

La pili, shemeji yangu wa Dar ana milioni sita, anataka nimnunulie hizo hisa "mnazonunua ofisini" kwa jina langu halafu faida tugawane. Dada naye keshamuunga mkono. Namjibuje bila kuvunja undugu? Natanguliza shukrani.

Kitenge Mpya:
Mkuu kabla ya yote nipe koneksheni ya hiyo skolashipu 😂

Mzee wa Mahesabu:
Kijana tuanze na shemeji, maana huyo ndiye anayeweza kukurudisha Tanga mapema. Jibu ni hapana. Wewe unakaa sehemu ambayo oda za wateja zinaonekana kabla hazijafika sokoni, ukinunua hisa kwa jina lako kwa hela ya mtu mwingine nani atakuamini kwamba hukumtangulia mteja? Na akaunti ya jina lako halafu hela ya mwingine, madalali wa huko hawaruhusu. Hata hela yako mwenyewe sidhani kama unanunua bila kuomba ruhusa, au nakosea?

Halafu mpigie hesabu yeye mwenyewe aone. Tokyo hisa zinauzwa kwa mafungu ya 100. Milioni sita yake ni kama yen laki tatu na ushee. Ile kampuni mama ya Uniqlo hisa moja imeshazidi yen 40,000, fungu moja ni zaidi ya yen milioni nne. Shemeji hata moja ya kumi ya fungu hapati. Ukimwambia "sheria" ataona unamkwepa, hesabu ataielewa.

Ngalawa_07:
@Mzee wa Mahesabu hujakosea mzee wangu, hata yangu naijazia fomu nasubiri wanijibu. Hiyo ya mafungu naitumia leo leo.

Mtoto wa Pangani:
Mimi sielewi kitu kimoja. Huyo mteja kwa nini asinunue soko zima tu alale? Mnawalipisha ada ya nini? Nasikia hata mfuko wa pensheni wa serikali yao, GPIF, ule wenye zaidi ya yen trilioni 200, sehemu kubwa ya hisa zake inafuata soko tu hakuna anayechagua. Hamia timu nyingine mkuu, hiyo kazi ina siku zinahesabika.

Bi Saumu London:
@Mtoto wa Pangani swali lako ndilo wateja wanaliuliza kila robo mwaka, kwa hiyo usijione mkorofi 😄

Ngalawa mdogo wangu, kazi hiyo nimeifanya miaka saba huku London, hisa za Japani tupu, kwa hiyo nina maneno mengi nivumilie. Watu wanadhani meneja anaamka na ndoto ya hisa anaenda kununua. Mteja anakuja na mkataba wake: kipimo ni TOPIX au MSCI Japan, kampuni moja isizidi kiasi hiki, usiachane na kipimo kupita hapa, tumbaku usiguse, hela ya kukaa tu isizidi hapa. Unacheza ndani ya uzio huo. Na hela yenyewe huishiki, iko benki dhamini, wewe una ruhusa ya kuagiza nunua au uza basi. Wajapani walijifunza kwa machungu umuhimu wa kuhakiki kinachosemwa na meneja. Mwaka 2012 ilibainika kampuni ya ushauri inaitwa AIJ imepoteza sehemu kubwa ya pensheni za watu huku ikiwaandikia faida hewa miaka nenda rudi, mkuu wake Asakawa akahukumiwa miaka 15. Sasa wewe unayedharau meza ya ripoti, ripoti ndiyo ilitumika kudanganya pale. Umekaa mahali pa maana kuliko unavyodhani.

Kuhusu kununua soko zima, Japani ina mambo yake. Machi 2023 Soko la Hisa la Tokyo liliziambia kampuni zijieleze kwa nini bei zake ziko chini, na karibu nusu ya kampuni za lile daraja la juu la Prime zilikuwa zinauzwa chini ya thamani ya vitabuni. Yaani kampuni ina kiwanda, viwanja, hela benki, na hisa za kampuni rafiki ilizozishikilia tangu enzi za babu, ukiuza vyote ukalipa madeni unabaki na mia, lakini sokoni wanaiuza themanini! Mchambuzi ndio anaenda kukaa na wale wazee, kadi ya jina anaipokea kwa mikono miwili, chai ya kijani, halafu kwa upole kabisa anauliza hizi hisa za rafiki mtaziuza lini. Wakikujibu "kento shimasu", yaani tutalitafakari, ujue mara nyingi hiyo ni hapana iliyovaa kanzu. Kwa hiyo Kijapani chako cha mwenye nyumba kitasaidia, lakini kaongeze.

Na kura za kwenye mikutano ya wenye hisa usizisahau. Mameneja wanatangaza walivyopiga kura ajenda kwa ajenda. Mwaka 2023 mkuu wa Canon, Mitarai, alipita kwa asilimia 50.59 tu kwa sababu bodi haikuwa na mwanamke hata mmoja na wawekezaji wakamnyima. Mwezi wa sita mikutano inarundikana siku zilezile, hulali.

Mdhamini Nyali:
Mimi niko Mombasa, ni mdhamini kwenye mfuko wa pensheni wa wafanyakazi wenzangu, kwa hiyo naongea kama mteja. Sisi Kenya mwisho tunaruhusiwa kupeleka nje ni asilimia 15, na Japani ndani yake ni kijisehemu tu, lakini ukikaa kikao kile utaona yanayotusumbua yanafanana. Mimi sichukii meneja aliyeshindwa mwaka mmoja. Namchukia aliyeniambia ananunua kampuni za bei ya chini halafu soko likipanda namkuta amekimbilia zile zinazong'aa. Siku kama hiyo ya Agosti nataka kusikia mambo matatu tu, umeuza nini, umenunua nini, na kwa nini. Ukisema sijaguza kitu na sababu hizi hapa, mimi naenda kulala.

Lakini kuna jambo wakuu hamjaligusa, YEN.

Bi Saumu London:
@Mdhamini Nyali umenikumbusha kidonda dada yangu. Mwanzoni mwa Januari 2021 Nikkei ilikuwa kama 27,200 na dola moja ilikuwa yen 103. Julai 2024 Nikkei ikafika 42,200, magazeti yanashangilia rekodi, dola moja yen 161. Gawanya uone Nikkei kwa dola. Ya kwanza inakuja 264, ya pili 262. Mteja wa Marekani ambaye hakujikinga na kushuka kwa yen, ukiacha gawio, miaka mitatu na nusu hajasogea hata hatua! Na mkataba wetu ulikuwa hatujikingi, yeye mwenyewe ndio alichagua, ila kwenye simu nani anakumbuka alichosaini.

Mtoto wa Pangani:
Duh. Nafuta kauli, ila ada bado naiona kubwa.

Ngalawa_07:
Wakuu mrejesho. Nimempigia meneja wetu ile hesabu aliyoiweka Bi Saumu hapo juu, akacheka, akasema yeye 2024 aliandika barua kurasa nne kumwelezea mteja mmoja kitu hichohicho. Nimemwambia nakuja, ila naomba miezi sita ya mwanzo niendelee kuandika barua za wateja wa ile timu, amekubali. Jumanne naanza darasa la Kijapani cha ofisini saa moja usiku.

Shemeji nilimtumia ile ya mafungu ya 100. Kajibu "sawa, basi ninunulie nusu fungu."