Acheni kufundisha "geuza kisu" nusunusu, mnaharibu shafti na chaku za watu

Jameni, hili lisikike kutoka Kibuye mpaka Webuye. Kukata thredi (meno ya skrubu) ya nje kwenye leithi, mashine ya kuchonga chuma kinachozunguka, na kisu kilichopinduliwa uso chini, spindo (mhimili unaozungusha kazi) ikizunguka kinyume, na keriji (kibebeo cha kisu) ikitoka kwenye chaku (kishikio cha kazi) kwenda teli-stoki (tegemeo la mwisho wa kulia), ni mtindo mzuri. Kinachoudhi ni hawa wanaoupigia debe kwa maneno matatu: "geuza kisu, rudisha mota nyuma, kazi kwisha." Kazi gani imekwisha? Shafti ya mashine ya posho inarudi imeng'olewa thredi tatu za kwanza, na lawama anabeba mwenye leithi.

Sababu ya mtindo wenyewe ni hii. Chukua M20 (thredi ya kipenyo cha milimita 20) ya pichi 2.5, yaani milimita 2.5 toka jino hadi jino, inayoishia kwenye bega la shafti, pale inaponenepa. Kwa kawaida, spindo ikienda mizunguko 100 kwa dakika, kisu kinatembea zaidi ya milimita 4 kwa sekunde. Mfereji wa milimita 5, ule unaochimbwa kando ya bega thredi inapoishia, unakupa sekunde moja na kidogo uvute kisu na ufungue hafu nati (inayoshikanisha keriji na ledi skrubu, skrubu ndefu inayoisogeza). Ukipiga chafya tu, umegonga bega. Ukianzia mferejini ukatoka nje, hofu hiyo haipo, na thredi inabaki ya kulia (nati inakazwa kwa kuzungusha kulia) vilevile kwa sababu gia za ledi skrubu hazijaguswa: spindo na keriji vimegeuka pamoja. Hapo mko sawa. Sasa semeni na yale mnayoyaruka.

Kama chaku imeskrubiwa kwenye pua ya spindo, usithubutu. Nguvu ya kukata ndiyo inayoifungua, na teli-stoki haizuii chochote. Huu mtindo ni wa chaku ya kamuloki (inayofungwa kwa pini za kamu) au ile iliyofungwa kwa bolti kwenye flanji.

Halafu urefu wa kisu. Kisu cha milimita 20 kikikaa kawaida, ncha iko juu. Kipindue, ncha iko chini, kwa hiyo unahitaji vipande vya kuinulia vya milimita 20 hivi ili ncha ifike senta (usawa wa katikati ya shafti). Jumla 40. Mdomo wa tulposti (kishika kisu) yako unaingiza 40? Ndiyo maana watu wanaibana na bolti mbili zilizoshika nusu, kisha wanashangaa kisu kinatetema. Noa haispidi (chuma kigumu cha visu) ya milimita 10: vipande 20, kisu 10, jumla 30. Na ukinoa, kumbuka upande unaoongoza sasa ni wa kulia, ule wa teli-stoki. Mteremko wa thredi hiyo ni kama digrii 2.5, kwa hiyo upande huo uongezewe nafasi kiasi hicho, la sivyo ubavu wa kisu unasugua badala ya kukata.

Mfereji ndio unaopuuzwa kuliko vyote. Kisu kinaanza kikiwa kimesimama mle ndani, kimeshaingizwa kina chote cha pasi (mkato mmoja) hiyo. Kipenyo cha chini ya thredi ya M20 ni kama milimita 16.9, basi chimba mpaka 16.5. Upana usiwe wa ncha ya kisu tu! Gia na hafu nati zina ulegevu, na spindo ikianza kuzunguka keriji husubiri kidogo kabla ya kusogea. Acha pichi mbili, milimita 5.

Kompaundi nayo, ile slaidi ndogo ya juu inayogeuzwa kwa digrii. Mmeiacha kwenye digrii 29.5 upande uleule wa zamani. Hapo unakata kwa ubavu wa nyuma, chuma kinasukuma keriji mbele ndani ya ulegevu wa hafu nati, na thredi inatoka na ngazi. Izungushe upande wa pili ili ubavu wa kulia ukate, au ingiza moja kwa moja kwa krosi slaidi (inayosogea mraba na shafti), pasi nyembamba. Pia kaza vibao vya chini ya keriji, kwa sababu sasa kisu kinasukumwa juu, si chini.

Na wenye ledi skrubu ya inchi wanaokata pichi za milimita: hafu nati haifunguliwi mpaka thredi yote iishe. Maana yake unarudi kwa mota ukielekea kwenye bega lilelile ulilolikimbia. Vuta kisu kabisa kwanza, rudi polepole.

JIBU:
Mkuu, sisi wa chaku ya kuskrubu tufunge karakana ama?

MWENYE UZI:
Hapana ndugu. Tengeneza hendeli. Pasua mwisho wa bomba linaloingia tundu la nyuma la spindo, weka bolti yenye kichwa cha koni ndani, ikikazwa bomba linapanuka na kushika. Zima swichi ya ukutani, legeza mkanda, kisu kikae kawaida, hafu nati ifungwe. Zungusha kwa mkono mpaka mferejini, vuta kisu, rudisha nyuma kwa hendeli ileile. Pasi za kwanza 0.2, kisha 0.1, mbili za mwisho 0.05, mpaka kina cha 1.53, halafu jaribu na nati. Thredi fupi haikuchukui hata nusu saa. Ila hendeli itoke kabla swichi haijarudi. Mota ikiwaka nayo ikiwa ndani, inavunja mkono.