Naomba ushauri: binti ninayemlea kapangiwa mtetezi huru, huyu ni mtu wa serikali?

Mama_Mlezi
Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Niko Uingereza, nalea nyumbani kwangu watoto walio chini ya uangalizi wa halmashauri. Wiki tatu zilizopita nililetewa binti wa miaka 15 kwa sababu naongea Kiswahili. Aliletwa nchi hii na mwanamke anayemwita shangazi, akaahidiwa shule. Shule hakuiona. Kapika, kafua, kalea watoto wa wenyewe, na pasipoti yake hakuishika hata siku moja.

Sasa ofisa ustawi anasema atakuja mtetezi huru wa mtoto. Binti kusikia tu "kuna mtu atakuja" kaacha kula. Kwake kila mgeni ni uhamiaji. Kila mara ananiambia, "Mama, sikutekwa, nilikubali mwenyewe." Usiku simu ikiita anaingia nayo chooni. Nikae naye kwenye kikao? Simu nimnyang'anye?

Ustawi_Kazini
Pole dada. Huyo si uhamiaji, si polisi, wala si mtu wa halmashauri. Sheria ya utumwa mamboleo ya 2015, kifungu cha 48, inataka, kadiri inavyowezekana, asiwe miongoni mwa wanaoamua mambo ya mtoto, na asimame upande wa maslahi ya mtoto tu. Siku hizi wanaitwa walezi huru, na kwa England na Wales huduma imekuwa ikiendeshwa na Barnardo's, shirika la hisani la watoto. Fikiria: binti ana ofisa ustawi, polisi, wakili, shule, Wizara ya Mambo ya Ndani, kila mmoja na fomu yake. Mtetezi ndiye anayewafuata wote, anamtafutia wakili, anamweleza kinachoendelea, anauliza kwa nini jambo limekwama. Ila usimwambie binti kwamba atamtunzia kila siri. Akisikia kuna hatari, lazima aseme.

Hilo la "nilikubali mwenyewe" msibishane. Kwa aliye chini ya miaka 18, kukubali hakubadili kitu. Ndivyo ilivyo tangu Itifaki ya Palermo ya 2000, makubaliano ya Umoja wa Mataifa dhidi ya usafirishaji haramu wa watu. Akiletwa ili atumikishwe, ni mhanga. Mwambie kwa upole kwamba hana kosa.

Mzee_wa_Busara
Mwanangu, mkalishe chini usiku mmoja akueleze yote, uandike, umpe huyo mtetezi. Kesi itaisha mapema.

Ustawi_Kazini
Mzee wangu, kwa heshima, hapana. Mtoto akihojiwa na kila mtu, maelezo yake yanatofautiana, na tofauti hizo zinakuja kutumika kumwona mwongo. Akisema mwenyewe, msikilize, andika maneno yake vilevile alivyoyatamka, mpe ofisa ustawi. Usimchimbe.

Mkalimani_wa_Kaskazini
Dada, umemuuliza mtu kuhusu mkalimani? Waswahili huku ni wachache na tunajuana. Niliwahi kuingia kikaoni, mtoto akaniangalia akanyamaza kabisa. Kumbe alikuwa ameniona harusini kwa watu waliomleta. Nilitoka. Omba mkalimani wa mji mwingine, na binti aulizwe kama anamtaka mwanamke. Kabila na dhehebu pia, kama kwake vina uzito.

Simu usimnyang'anye kimyakimya, atatafuta nyingine na hutajua. Mwambie ofisa ustawi leo hii, si kesho, mpange pamoja. Watoto hawa wengi hupotea siku za mwanzoni kwa sababu ya simu kama hizo. Akitoweka, piga 999, namba ya dharura ya polisi, saa hiyohiyo, usisubiri asubuhi.

Nilikuwa_Yeye
Mama, mimi nilikuwa huyo binti. Mwezi mzima sikumwambia mtetezi wangu kitu. Tulikuwa tunatembea tu bustanini, ananiuliza nimelalaje. Lakini akisema Jumanne saa kumi, Jumanne saa kumi yupo mlangoni. Kwa shangazi hakuna aliyewahi kuniahidi kitu akakitimiza. Siku nilipoanza kusema, nilisema habari za deni la nauli nililoambiwa mama yangu atalilipa. Hilo ndilo lilikuwa linanifunga mdomo, si uhamiaji. Kaa naye mwanzoni, halafu muulize kama utoke. Aamue yeye.

Mama_Mlezi
Nimewasoma nikalia. Ofisa ustawi nimeshamwambia kuhusu simu, kesho asubuhi anakuja. Mtetezi ni Alhamisi. Nimemuuliza binti kuhusu mkalimani, akafikiri sana, akasema, "Awe mwanamke, na asiwe wa kanisani kwao." Jioni kala ugali wote.