Ushauri: wiki ya kaiti mwezi wa nane, Ushongo au Bagamoyo?

MwanaChumbageni
Wakuu salaam, na shikamoo kwa wanaostahiki. Naishi Tanga mjini. Kaiti, yaani kuteleza juu ya maji kwa ubao ukivutwa na tiara kubwa, nilijifunzia Paje, Unguja, pamoja na wenzangu watatu ambao sasa wako Dar. Tunataka kuchukua likizo wiki moja mwezi wa nane, ila safari hii tusivuke. Paje ni pazuri sana, lakini msimu ukikolea kaiti zinajaa hewani mpaka unaogopa kukatana kamba. Na kila nikipita Pangani naiona bahari ile ilivyo wazi, roho inaniuma kwamba pwani yetu wenyewe hatuichezei.

Bagamoyo ni karibu kwa wenzangu. Ushongo, kule kusini ya Pangani, moyo wangu unapapenda zaidi. Tuna kaiti mbili za mita 12 za mraba na mbili za mita 9. Mmoja wetu bado hajaweza kubisha, yaani kupanda kinyume na upepo. Akitoka, upepo humtupa mbali na anarudi kwa miguu kabeba ubao. Nishaurini wapi, na tarehe gani, maana kazini wanataka tarehe mapema.

MlaPweza
Upepo mtaupata, huo ni msimu wa kusi, upepo wa kutoka kusini. Ungesema mwezi wa kumi na moja ningekukataza, kwani hapo kusi imeshakwisha na kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, haijashika mpaka Desemba. Nenda Ushongo.

MzeeWaKaole
Mwanangu, marahaba. Mimi ni wa Bagamoyo na ninapapenda kwetu, lakini kwa huyo asiyeweza kubisha nitasema kweli. Pwani yetu inatazama kaskazini-mashariki. Kusi ikivuma inapita sambamba na ufuko, haikurudishi nchi kavu. Ukishindwa kuishika kaiti unasukumwa kuelekea upande wa mdomo wa Ruvu, kwenye mikoko, na huko hakuna mchanga wa kushukia.

Halafu kuna wavuvi. Pale mbele ya soko la samaki ngalawa na mashua zinaingia na kutoka, nyingine zina tanga, nyingine zinaburuta nyavu. Kamba za kaiti ni ndefu, mita 20 na zaidi, na nyembamba kiasi kwamba nahodha hazioni mpaka zimfikie. Mtu akipitiwa na kamba ile ikiwa imekaza, inamkata. Mkija Bagamoyo, tokeni kabisa mbele ya soko, na kabla ya kupuliza kaiti nendeni mkaongee na BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuko. Watawaonyesha nyavu zimetegwa wapi.

BintiPangani
Kaka, wote wanakuambia upepo, mimi nakuambia maji. Tarehe zako zipange kwa mwezi wa angani, usizipange kwa kalenda ya ofisi.

Ukanda wetu, siku za bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji yanakupwa kama saa nne asubuhi na kujaa kama saa kumi alasiri. Kusi nayo hupata nguvu mchana. Kwa hiyo kuanzia saa saba maji yanapanda juu ya mchanga, upepo umeshakaa sawa, mnacheza. Ikikaribia saa kumi tokeni, kwa sababu bamvua likijaa linaumeza ufuko mpaka karibu na minazi, na kaiti ikishuka kwenye mnazi mmeikosa.

Maji mafu, yale ya siku za nusu mwezi, ni kinyume chake: yanajaa asubuhi, mchana yanakupwa. Hayaendi mbali kama bamvua, lakini saa ile ile mnayotaka upepo ndiyo yanayopungua. Kila siku saa za maji zinasogea mbele kwa dakika 50 hivi, basi wiki inayoanza siku moja au mbili kabla ya mwezi kujaa itawapa siku nzuri nne au tano. Mbili za mwisho pumzikeni, au mwende kisiwa cha Maziwe mkaogelee.

Na asubuhi msiingie hata kama mnaona upepo. Ule ni umande, unatoka bara kwenda baharini. Wavuvi wanautumia kutokea. Ninyi utawapeleka msikokutaka.

KijanaWaMwenge
Mimi natofautiana kidogo. Huyo asiyebisha mpelekeni Paje siku chache kwanza. Kule kuna walimu, boti za kuokolea, na mwamba unavunja mawimbi mbali. Ushongo mkiharibikiwa mnategemeana wenyewe.

MwanaChumbageni
Nimekuelewa, ila gharama ya kuvuka na kurudi hataiweza. Je, tukikodi boti ya mvuvi isimame majini muda wote tunaocheza, itatosha?

MzeeWaKaole
Inatosha kama ina injini na nahodha amekubaliana nanyi ishara ya mkono. Mlipeni kwa siku, kwa sababu mnamtoa kwenye riziki yake. Huyo mwanafunzi avae jaketi okozi na aingie kila mara boti iko chini yake, kule upepo unakoelekea. Ushongo inatazama mashariki, kusi itamsukuma kwa mshazari kuja ufukweni. Hilo ndilo linalonifanya niwaruhusu.

MlaPweza
Sikilizeni utabiri wa TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa, kila siku. Wanataja kasi kwa kilomita. Mtu wa kilo 75, km 28 kwa saa inamfaa mita 12. Ikielekea 40 shika mita 9, na wakitoa angalizo la upepo mkali mwanafunzi abaki nchi kavu. Bebeni pampu mbili na vya kuzibia matundu, msitegemee kuvipata Pangani.

BintiPangani
Na kijijini msipite na nguo za kuogelea, fungeni kikoi. Mkifika nendeni kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji mjitambulishe.

MwanaChumbageni
Asanteni sana. Ni Ushongo, kuanzia siku mbili kabla ya mwezi mpevu, na boti tutakodi. Wenzangu kutoka Dar watalala kwangu Tanga usiku mmoja ili asubuhi tushuke Pangani pamoja. BintiPangani, nakutumia ujumbe pembeni, nataka unielekeze kwa nahodha mwenye injini.

BintiPangani
Tuma. Mjomba wangu anayo, lakini siku za Ijumaa haingii majini mpaka baada ya sala.