Ushauri: MD (digrii ya udaktari) mwaka wa tatu na mbio za 1500, vinaenda pamoja kweli?

spaiki_nyekundu: Wakuu habari za jioni. Nasoma MD hapa Dar, mwaka ujao naingia wa tatu yaani ndo wodini. Nakimbia mita 1500 na kocha kaniambia wazi nikitaka kufikiriwa timu ya taifa lazima mazoezi mara mbili kwa siku, saa 11 alfajiri na saa 11 jioni, sasa raundi saa 2 asubuhi na huwezi kutokea pale unanuka jasho mbele ya konsaltanti. Mwaka wa pili nimevuka bila sapu (mtihani wa marudio) ila baiokemia ilinitoa kamasi. Mzee nyumbani anasema mbio hazilishi, niache. Naombeni mawazo, matusi hapana.

Babu Kiti: Piga kitabu dogo, degrii haichaniki msuli 😂

kipepeo_wa_maabara: Usimsikilize huyo. Roger Bannister, mtu wa kwanza kukimbia maili chini ya dakika 4, alikuwa anasomea udaktari London, mazoezi anafanya mapumziko ya mchana, na tarehe 6 Mei 1954 asubuhi alipita kwanza hospitali, akanoa spaiki zake maabara, ndo akapanda treni kwenda Oxford akakimbia maili moja kwa dakika 3 na sekunde 59.4. Inawezekana kabisa.

Dr wa Zamu: Kipepeo hiyo ni 1954 mkuu, leo atakaoshindana nao wakitoka mazoezini wanalala, yeye atakuwa tiata (chumba cha upasuaji) kashika ritrakta, kile kifaa cha kuachanisha kidonda. Mfano wa karibu ni Duvernay-Tardif wa Kanada, kacheza NFL (ligi ya futiboli ya Kimarekani) na udaktari kamaliza 2018, ila chuo chake McGill walimwachia kozi ya miaka 4 aisome kwa 8. Huku ukiahirisha mwaka na bumu (mkopo wa chuo) linasimama.

Sasa dogo, mimi nilicheza basketi mpaka namaliza chuo. Rotesheni (kuzunguka idara moja moja hospitalini) hazifanani. Upasuaji na uzazi kuna zamu za usiku, usijidanganye utapiga intavali (mbio kali za vipande vipande) alfajiri wakati usiku kucha ulikuwa leba. Magonjwa ya akili na afya ya jamii unapumua kidogo. Ratiba ya mwaka ikitoka tu kaa na kocha, wiki ngumu ziangukie huko, ukiwa upasuaji kimbia mara moja kwa siku na akinuna anune. Barua ya ruhusa ifike idarani mapema, mahudhurio yakipungua hata UE (mtihani wa mwisho wa chuo) hukai.

Mama Pacha: Na usingizi jamani, msije mkaanza kujaza enaji drinki halafu mnashangaa mapigo ya moyo.

spaiki_nyekundu: Asanteni sana. Dr swali moja, rotesheni ya kwanza nimepangiwa uzazi na mashindano ya vyuo yako humohumo 😩

Dr wa Zamu: Tafuta mtu wa grupu lingine mbadilishane kabla orodha haijabandikwa. Koordineta akigoma, nenda kakimbie hivyohivyo ila usitafute muda wa rekodi, hesabu ni mazoezi, na usiku huohuo urudi leba.