Morogoro hadi Arusha kwa njia ya Kondoa: tusimame wapi?

Mwana wa Uluguru:
Salaam kwenu nyote. Mwezi Agosti ninatarajia kwenda Arusha na mama yangu pamoja na wanangu wawili, na badala ya kupita Chalinze na Segera kama ilivyo kawaida yetu, nimeamua kuzungukia Dodoma, Kondoa na Babati. Nina siku tatu. Ningependa watoto waione michoro ya miambani ya Kolo, na mama, ambaye amezipenda ngoma za Wagogo tangu enzi za redio ya mbao, azisikie zikipigwa mbele yake. Gari letu ni la chini, na magoti ya mama yanamsumbua. Je, yanawezekana haya, au ninajidanganya?

Mrangi wa Kondoa:
Kutoka Dodoma hadi Babati ni lami. Shughuli huanza Kolo, kilomita zipatazo 25 kaskazini ya mji wa Kondoa, ambako ni lazima kwanza upite ofisi ya Mambo ya Kale, ulipe kiingilio na upewe mwongozaji. Kutoka hapo hadi chini ya mlima wa Mungumi, penye michoro, njia ni ya vumbi na makorongo, kwa hiyo gari lako liache ofisini ukakodi lingine lililo juu. Kisha kuna kupanda kwa miguu, tena mlima umesimama, mama asijaribu.

Mkifika kwenye mwamba, msiwe na haraka. Mwanzoni mtaona madoa mekundu tu, lakini macho yakishazoea, watatokea twiga, pofu (yule mnyama mkubwa wa jamii ya swala), na watu wembamba warefu wenye vichwa vikubwa kana kwamba wamefuga nywele nyingi. Michoro minene ya rangi nyeupe ni ya baadaye. Wageni wa zamani walikuwa wakiimwagia maji ili rangi ing'ae wapate kupiga picha, na madhara yake yapo hadi leo. UNESCO iliiingiza michoro hii katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, lakini kwetu Mungumi ni mahali pa tambiko la mvua tangu zamani, basi mkikuta majivu au kibuyu, msiguse.

Mwalimu Mstaafu:
Ndugu yangu, ngoma usiitafute Kondoa, maana huko ni kwa Warangi. Chamwino utaipita kabla hujafika Dodoma mjini, na hapo pana kituo cha sanaa kinachojulikana kwa tamasha la muziki wa Kigogo, ulizia mapema. Mwombee mama muheme, ngoma ambayo kwetu Wagogo wapigaji wake ni wanawake, wakiibana katikati ya mapaja huku wenzao wakiimba kwa sauti zinazopandana. Agosti mavuno yameshaingia, na watu wana nafasi. Ila usiwaombe wakupigie dakika kumi uondoke, kwa sababu wimbo wa kwanza huwa ni wa kupasha mikono tu. Zeze na ilimba (ala ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba) husikika vizuri jioni, upepo ukitulia.

Mwana wa Uluguru:
Shikamoo Mwalimu, na ahsanteni nyote wawili. Basi siku ya kwanza tutalala Dodoma baada ya Chamwino, ya pili Kondoa, na asubuhi ya tatu nitapanda Mungumi na watoto. Mama amesema atabaki Kolo na chupa yake ya chai.

Mrangi wa Kondoa:
Pandeni kabla ya saa tatu, jua halijawa kali. Viatu viwe vya kufunga, si kandambili.