Oda za mageti: nianze kukata chuma siku ngapi kabla ya tarehe ya mteja?

Mkata_Bomba: Wakuu, karakana ipo Nyakato, Mwanza. Mageti na grili za madirisha. Oda moja inatoka siku 4, nyingine ya ukubwa uleule siku 13: umeme umekatika, au rangi imegoma kukauka. Napanga kwa wastani wa siku 7, na karibu nusu zinachelewa. Nikichelewa, mteja anakata 30,000 kwa siku. Nikiwahi, geti lililokaa linanila kama 10,000 kwa siku: mtaji, nafasi, kutu. Nianze lini?

Kipimo: Wastani ndio unaokuchelewesha, mkuu. Gawa gharama ya kuchelewa kwa jumla ya zote mbili: 30,000 ÷ 40,000 = 0.75. Chukua oda 20 za mwisho, andika siku za kila moja tangu bomba la kwanza lilipokatwa hadi rangi ilipokauka. Zipange kuanzia fupi, soma ya 15, maana 0.75 × 20 = 15. Ikiwa siku 10, kata chuma siku 10 kabla. Usihesabu tangu advansi ilipotolewa, utaingiza na siku za kusubiri kuanza. Oda za masika zipange peke yake.

Foleni_Fupi: Hesabu ni sahihi, ila ina mtego. Ukiwahisha oda zote siku 3, zinarundikana kwa fundi wa kuchomelea na zile siku 10 zinakuwa 13. Utawahisha tena, zitarefuka tena. Oda zilizo ndani ÷ zinazotoka kwa siku = wastani wa siku. Zikiwa ndani 24, zinatoka 2 kwa siku, ni siku 12. Zikiwa 14, siku 7. Pigilia misumari 14 ukutani, kila oda na kadi yake. Hakuna msumari wazi, grenda haiguswi. Usipunguze hadi mchomeleaji akae bure, hapo hata hizo 2 hazitatoka.

Mkata_Bomba: Na vitasa vinavyotoka Dar?

Kipimo: Fremu ikiwahi mara 9 kati ya 10, na kitasa hivyohivyo, vyote viwili vinawahi pamoja 0.9 × 0.9, yaani 0.81. Vitasa vya saizi zinazotoka sana weka stoo, ni bei ndogo ukilinganisha na geti linalolala. Saizi adimu, usikate chuma kabla kitasa hakijafika.

Foleni_Fupi: Mzigo wa Ukerewe hesabu kurudi nyuma kutoka siku ya kupakia melini, si siku mteja anayolitaka geti Nansio.